Kisu chenye alama ya PROTO: lini kina thamani zaidi, na lini ni maandishi tu

Mtu akikushikisha kisu cha kukunja pale Ngamiani, Tanga, akakuonyesha herufi PROTO (kifupi cha prototype, yaani kisu cha majaribio) zilizochorwa kwenye bapa, kisha akataja bei mara tatu ya visu vyake vingine, usihangaike kumuuliza kama ni orijino. Atasema ndiyo. Muulize karatasi yake iko wapi, nani alikuwa nacho kabla yake, na kinatofautiana vipi na vile vilivyoingia dukani. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo bei yenyewe. Zile herufi ni dai tu, na dai halina gharama kuliandika.

Visu vya kukusanya hufika Tanga kwa njia nyingi. Mabaharia wameviteremsha bandarini miaka nenda rudi. Familia zilizofanya kazi na mameneja wa mashamba ya mkonge zimeachiwa vyombo, na humo kuna visu vya Solingen, Ujerumani, na vya Sheffield, Uingereza. Makontena ya vitu vilivyotumika yana vikorokoro vya kila namna. Siku hizi vijana wanaagiza wenyewe kwa simu. Katika hivyo vyote, kisu cha majaribio, yaani kile kilichotengenezwa kabla mtindo haujaingia kwenye uzalishaji, hutokea mara chache sana, ila hadithi zake hutokea mara nyingi. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kununua, kuuza, au kujua tu alichorithi kutoka kwa babu.

Hatua ya 1: Jua ni jaribio la namna gani

Kuna namna kadhaa za majaribio, na hazilingani thamani.

Ya kwanza ni mfano wa umbo. Mbunifu hukata ubao, plastiki, au chuma kisichotiwa moto, aone kama mpini unakaa mkononi na kama kisu kinakunjika sawasawa. Hakikati kitu. Kwa mtumiaji ni takataka, lakini kwa mkusanyaji wa kazi za mbunifu maarufu kinaweza kuwa hazina, kwa sababu kinaonyesha wazo lilivyokuwa kabla kiwanda hakijaligusa.

Ya pili ni mfano wa kazi. Huu umetengenezwa kwa mkono na mbunifu mwenyewe au fundi wake, una chuma halisi, una makali, na umebebwa na kutumika ili kasoro zake zijulikane. Hapa ndipo fedha ilipo mara nyingi, na hapa ndipo waongo wanapopenda kujificha.

Ya tatu ni sampuli ya kiwandani: kiwanda kimeshatengeneza mashine na vipimo, kinatoa visu vichache, kinampelekea mbunifu avikubali au avikatae. Mara nyingi hufanana kabisa na vile vya dukani, isipokuwa skrubu moja, rangi ya mpini, au kibanio cha mfukoni kilichobadilishwa baadaye. Thamani yake huwa juu kidogo ya kawaida, si zaidi, mpaka tofauti iwe ya kuonekana kwa macho.

Ya nne ni kundi dogo la kutangulia, la kupima soko, ambalo wakati mwingine huuzwa kwenye maonyesho kama yale ya Blade Show yanayofanyika Atlanta kila mwaka.

Halafu kuna vitu viwili vinavyoitwa majaribio wakati sivyo. Kimoja ni kisu kilichokataliwa kiwandani kwa kasoro. Kingine ni kisu cha oda, kilichotengenezwa kimoja kwa ajili ya mteja mmoja. Kuwa cha pekee hakukifanyi kuwa jaribio. Jambia la Kimanga alilovaa babu siku ya harusi ni la pekee pia, kwa kuwa sonara na fundi wake walilitengeneza peke yake, na hakuna kiwanda kilichokuwa kikisubiri kulinakili. Ukimsikia muuzaji anaita jambia "sampuli ya kwanza", mwache aendelee na safari yake.

Hatua ya 2: Usichanganye jaribio na toleo la kwanza

Watu wengi wanakosea hapa, na wauzaji wanajua.

Chukua kisu cha makomando wa Uingereza, Fairbairn-Sykes, kilichobuniwa na William Fairbairn na Eric Sykes, ambao wote walikuwa wamefanya kazi polisi ya Shanghai. Wilkinson Sword walianza kukitengeneza kati ya 1940 na 1941. Toleo lile la kwanza lina kikingio cha mkono kilichopinda kama herufi S. Toleo la pili likanyoosha kikingio. Toleo la tatu, la kuanzia 1943, lina mpini wa aloi wenye pete nyingi, na viwanda vingi vimeendelea kulitoa miaka mingi baada ya vita. Bei ya toleo la kwanza huliacha mbali la tatu. Lakini toleo la kwanza si kisu cha majaribio. Lilitengenezwa kwa maelfu na kugawiwa askari. Linatafutwa kwa sababu ni la mwanzo, ni la wakati wa vita, na ni rahisi kulitambua. Kwa sababu hiyo hiyo ni miongoni mwa visu vinavyoghushiwa sana duniani.

Mfano mwingine: kisu cha askari wa Uswisi. Mtindo wake ni wa 1890, lakini Uswisi haikuwa na kiwanda cha kukidhi oda, kwa hiyo visu 15,000 vya mwanzo vilitoka kwa Wester & Co. wa Solingen, Ujerumani. Karl Elsener, mwanzilishi wa kampuni ambayo sasa ni Victorinox, aliingia katika kazi hiyo mwaka 1891. Mtu asiyejua anaweza kukiona kisu cha Uswisi chenye jina la Kijerumani akadhani ni jaribio lililokataliwa, au feki. Kumbe ndicho cha mwanzo kabisa.

Hapa Tanga hadithi inayouzwa zaidi ni ya Vita Kuu ya Kwanza. Utaambiwa kisu hiki ni cha Mjerumani aliyepigana Novemba 1914, tena "cha majaribio cha jeshi". Kiangalie bapa. Kama kimeandikwa Rostfrei, yaani chuma kisichoshika kutu, hadithi imekwisha. Chuma cha namna hiyo kilipatikana kwa kampuni ya Krupp ya Ujerumani mwaka 1912 na kwa Harry Brearley wa Sheffield mwaka 1913, na visu vyake vilienea baada ya vita, si wakati Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, anawazuia Waingereza pwani yetu. Kinaweza kuwa kisu kizuri cha bwana shamba wa mkonge wa miaka ya 1930. Kinunue kwa jina hilo.

Alama za miaka zinasaidia namna hiyo hiyo. Kampuni ya Case ilianza 1970 kuweka nukta kumi chini ya jina lake, ikawa inapunguza nukta moja kila mwaka. Kisu chenye nukta saba kinaweza kuwa cha 1973, ila si cha kabla ya 1970, hata muuzaji aape kwamba ni jaribio la miaka ya 60. Kampuni ya Buck nao wameweka alama ya mwaka kwenye mzizi wa bapa, pale linapokutana na mpini, tangu 1986. Jifunze alama za chapa moja au mbili unazozipenda kuliko kujua kidogo kidogo za chapa zote.

Hatua ya 3: Uliza nani alikitengeneza, kabla ya kuuliza kama ni jaribio

Jaribio la mtu asiyejulikana ni kisu kisichokamilika. Huo ndio ukweli wake, ingawa unauma. Wakusanyaji hawalipi kwa sababu kitu kilikuja kwanza. Wanalipa kwa sababu wameshaipenda kazi ya mtu huyo na wanataka kusogea karibu na mkono wake.

Bob Loveless ni mfano unaoelezeka vizuri kwa mtu wa mji wa bandari, maana naye alikuwa baharia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda duka moja New York kununua kisu cha Randall, akaambiwa asubiri miezi tisa. Hakusubiri. Alichukua springi ya gari kuukuu aina ya Packard, akaichonga, akaitia moto kwenye jiko la melini. Baadaye akawa mmoja wa mafundi wanaoheshimiwa kuliko wote Marekani, umbo lake la kisu cha mwindaji likaigwa kila mahali, na alipofariki mwaka 2010 visu vyake vilikuwa vinauzwa kwa maelfu ya dola. Kisu cha mwanzo cha mtu kama huyo, kikithibitishwa, kina wanunuzi hata kikiwa kimechongwa vibaya. Hapa kwetu mafundi wanachonga visu vya springi kila siku. Chuma ni kile kile. Kinachokosekana ni jina na kumbukumbu, na hilo nitalirudia mwishoni kwa ajili ya mafundi wenyewe.

Bo Randall naye, yule ambaye Loveless alikosa kisu chake, alianza mwishoni mwa miaka ya 1930 baada ya kumwona mtu akiparua rangi ya mashua kwa kisu cha fundi William Scagel bila makali kuharibika. Mpaka leo Scagel ana wafuasi wake, Randall ana wake. Jina la namna hiyo likiwepo, neno jaribio lina uzito. Likikosekana, ni neno tu.

Hatua ya 4: Fuatilia mtindo uliishia wapi

Kuna njia tatu, na kila moja ina bei yake.

Mtindo ulifanikiwa. Buck 110 ilitoka 1964 na ikabadilisha mawazo ya watu kuhusu kisu cha kukunja cha mwindaji. Spyderco walitoa Worker mwaka 1981, chenye tundu la duara la kufungulia kwa kidole gumba na kibanio cha kukitundika mfukoni, mambo ambayo leo kila mchuuzi anayaona ya kawaida. Kisu kilichotangulia mtindo kama huo, kikiwa na ushahidi, kinatafutwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na watu wengi wakishindana bei hupanda.

Mtindo uliingia sokoni ukafa. Hapa kisu cha majaribio kina mashabiki wachache, na utasubiri. Miaka, pengine.

Mtindo haukuzalishwa kabisa. Hapa ndipo bahati inapocheza. Cha mbunifu maarufu kinaweza kuwa na bei kuliko vyote, kwa sababu hakuna kingine. Cha kampuni ya kawaida hakina wa kukilinganisha nacho, hakuna anayekijua, na mnunuzi makini atakimbia. Usiamini kwamba uchache peke yake ni mali. Uchache bila wanaoutaka ni kitu kilichokaa kabatini.

Angalia pia kama tofauti inaonekana. Kisu cha majaribio chenye kufuli la aina nyingine, au umbo la bapa lililoachwa baadaye, kinaeleza jambo. Kile kinachofanana na cha dukani kwa kila kitu isipokuwa maandishi hakielezi chochote, na mnunuzi wa pili atakuuliza swali hilo hilo ulilopaswa kuuliza wewe.

Hatua ya 5: Kusanya ushahidi

Tulia hapa kuliko mahali pengine.

Ushahidi ulio bora ni barua ya mtengenezaji inayotaja kisu hicho hicho kwa namba au kwa maelezo yasiyoweza kuhamishwa kwenda kwenye kisu kingine. Kampuni nyingi za visu ni ndogo na hujibu barua pepe. Wapelekee picha nzuri, uliza kwa adabu: mlitengeneza hiki? Lini? Viko vingapi? Jibu lao, hata likiwa sentensi mbili, lihifadhi pamoja na kisu. Wakisema hawakitambui, hilo nalo ni jibu, lihifadhi vilevile.

Baadhi ya watengenezaji hurahisisha kazi. Kampuni ya Chris Reeve, iliyoanza Afrika Kusini na kuhamia Idaho, Marekani, mwaka 1989, huambatanisha na visu vyake kadi yenye namba na tarehe ya kukamilika. Kadi ikipotea, bei inashuka, ijapokuwa kisu ni kile kile. Kwa hiyo ukirithi kisu, usitupe boksi, karatasi, wala bahasha yenye stempu. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kuhifadhi vyeti kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Tafuta huko kabla ya kukubali kwamba karatasi hakuna.

Baada ya barua inafuata picha ya zamani: tangazo, katalogi, gazeti, au picha ya maonyesho inayoonyesha kisu hicho. Linganisha mpini. Mistari ya mti, madoa ya mfupa na mikunjo ya pembe haijirudii, kwa hiyo ukiona fundo lile lile mahali pale pale, umepata kitu kizito. Kwenye mpini wa plastiki nyeusi huna bahati hiyo, utatafuta mikwaruzo.

Kisha mlolongo wa wamiliki. Nani alikipata kwa mbunifu, akamuuzia nani, lini. "Nilipewa na mzungu mmoja aliyekuwa Raskazone" si mlolongo. Jina, mwaka, na risiti au ujumbe wa simu, huo ndio mlolongo.

Mwisho kabisa ndio yale maandishi kwenye bapa. Yaangalie kwa lenzi, juani. Kama bapa limepakwa rangi au limesuguliwa kwa mawe kiwandani na herufi zimekata juu yake zikiwa zinang'aa, zimechorwa baada ya kisu kumalizika. Kama kingo za herufi zimelainika na kufanana na uso wa bapa, zilikuwepo kabla ya kazi ya mwisho. Hii ni dalili, haitoshi kuhukumu: wabunifu wa kweli wakati mwingine huandika kwa kalamu ya umeme siku wanapokabidhi kisu. Lakini siku hizi mashine za kuchora kwa leza zipo hata kwenye vioski vya kutengeneza mihuri na zawadi. Kuandika PROTO ni kazi ya dakika chache.

Kuna ujanja mmoja ninaoona watu wanauangukia kila wakati. Kopi mbovu inauzwa, mnunuzi anagundua kufuli linacheza, bapa halikai katikati, skrubu hazilingani. Muuzaji anamjibu: "Bosi, ndiyo maana haifanani, hii ni ya majaribio." Kasoro imegeuzwa kuwa sifa. Kumbuka kwamba kisu cha majaribio cha fundi mzuri kinaweza kuwa na kasoro, lakini kasoro zake ni za mtu anayejaribu: tundu lililotobolewa kisha likahamishwa, alama ya tupa, skrubu iliyotolewa kwenye mtindo mwingine. Kasoro za kopi ni za mtu anayeharakisha: chuma laini, mpini uliobanwa vibaya, nembo iliyopinda.

Wala usikifungue kisu nyumbani kutafuta maandishi ya ndani. Skrubu iliyokwaruzwa itaonekana milele, na jaribio halina vipuri. Kampuni yenyewe huenda haina kipande cha kubadilishia.

Hatua ya 6: Angalia hali, na ikinge na bahari

Kwa kisu cha kawaida, kilichotunzwa na ambacho hakijanolewa hupata bei ya juu. Kwa kisu cha majaribio sheria hiyo inalegea. Alama za kutumika na mbunifu ni sehemu ya historia yake, na kuzifuta ni kufuta ulicholipia. Basi usikipige msasa, usikisugue kwa dawa ya kung'arishia, na kwa hali yoyote usikipeleke kwa mnoaji mwenye jiwe la baiskeli. Bapa lililopunguzwa na jiwe halirudi.

Tanga ina adui yake. Hewa ya chumvi, masika, unyevu usiokatika. Kisu kilichokaa Nairobi miaka kumi kikiwa safi kinaweza kuanza madoa hapa ndani ya msimu mmoja. Futa alama za vidole kila baada ya kukishika, paka mafuta membamba ya cherehani, funga kwenye kitambaa kikavu. Usitumie mafuta ya kupikia, yatanata na kukusanya vumbi. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya vitie kwenye kopo la kuhifadhia, na uvibadilishe.

Kisu kisilale ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inanyonya unyevu, na dawa zilizotumika kuilainisha hula chuma. Weka ala kando yake, vyote viwili kwenye sanduku moja. Mipini ya zamani ya seluloidi, ile inayong'aa kama gamba la kobe la kuigiza, itenge kabisa: ikizeeka hutoa mvuke wa asidi unaotia kutu visu vya jirani.

Hatua ya 7: Fika kwenye bei

Anza na kisu cha kawaida cha mtindo huo huo, cha hali hiyo hiyo. Tafuta kiliuzwa kwa kiasi gani. Usishike bei ya kuomba. eBay ina sehemu ya kuchuja vilivyouzwa, na nyumba za mnada huchapisha matokeo. Bei ya kuomba ni matumaini ya muuzaji, na matumaini hayana kikomo.

Tuseme kisu cha kawaida kimeuzwa kwa takriban shilingi 500,000, na wewe unaombwa 2,000,000 kwa cha majaribio. Basi 1,500,000 ni bei ya hadithi. Sasa ipime. Kuna barua ya mtengenezaji? Jina linatafutwa? Tofauti inaonekana? Mtindo ulifanikiwa? Vyote vinne vikiwepo, huenda hata unauziwa kwa bei ya kutupa. Ikikosekana barua, mimi nisingelipa zaidi ya nyongeza ndogo, ile ambayo nisingejutia kuipoteza. Vikikosekana vyote, toa bei ya chini kuliko 500,000. Ndiyo, chini. Kisu cha kawaida kilichochorwa PROTO na mtu baki kimeharibiwa bapa. Si cha majaribio, na wala si safi tena.

Jumlisha gharama za kukiingiza kama kinatoka nje: usafiri, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18. Watu husahau hili, kisha wanashangaa kisu "cha bei nafuu" kimekuwa ghali kuliko cha dukani.

Na ujue soko la hapa. Mchuuzi wa samaki pale Deep Sea atakiangalia kisu chako cha milioni mbili na kuuliza kama kinaparua samaki aina ya changu. Ana haki. Kwa soko la mtaani, kisu ni kazi yake. Mnunuzi wa thamani ya ukusanyaji mara nyingi yuko mbali, na hilo linarefusha muda wa kuuza.

Hatua ya 8: Sheria kabla ya fedha

Geuza mpini kwanza. Ukiwa wa pembe ya ndovu au ya kifaru, acha habari za bei. Hizo ni nyara, zinaangukia Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kuwa za urithi hakukupi ruhusa ya kuziuza. Majambia ya zamani ya Kimanga yamekuwa na mipini ya kifaru. Waulize maofisa wa wanyamapori, usimuulize dalali. Mpingo nao, pamoja na jamii yake yote, umo kwenye orodha ya kudhibitiwa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017. Kwa kitu cha kupelekwa nje, ulizia ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwanza. Vitu vya kale vya nchi vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuvitoa nje kunahitaji kibali.

Nchi za wanunuzi pia zina vikwazo. Marekani ina sheria ya shirikisho ya 1958 dhidi ya biashara ya visu vinavyofyatuka kwa kitufe. Uingereza ilivipiga marufuku visu hivyo mwaka 1959 na imeongeza makatazo tangu hapo. Waulize posta au kampuni ya kusafirisha kabla ya kupokea malipo. Na kwenye ndege, kisu hakiingii na wewe ndani, kiwe cha majaribio au cha kukatia vitunguu.

Hatua ya 9: Ukiuza, andika unachokijua tu

Piga picha pande zote mbili, kimefunguliwa na kimefungwa, mchana, karibu na dirisha, juu ya karatasi nyeupe, rula ikiwa kando. Piga picha ya karibu ya maandishi, ya kila kasoro, na ya kila karatasi. Kama huna uthibitisho, andika "kinadaiwa kuwa cha majaribio" na ueleze nani anadai. Mnunuzi mzoefu humwamini zaidi muuzaji anayetenganisha alichokiona na alichosimuliwa. Karatasi za asili zisitangulie kwa mtu kabla ya fedha, mpe nakala.

Kwa fundi anayefua mwenyewe

Kama una fuawe na mvukuto wako, au grenda na springi za Land Rover nyuma ya nyumba, kisu cha majaribio unacho tayari, pengine umekitupa kwenye debe la vyuma chakavu. Cha kwanza cha kila mtindo kihifadhi. Kigonge namba na mwaka kwenye mzizi wa bapa kabla ya kukitia moto, wakati chuma bado laini. Kwenye daftari andika chuma kimetoka wapi, ulizima kwa maji au kwa mafuta, kilipasuka au hakikupasuka, na ulibadilisha nini kwenye cha pili. Usiandike neno jaribio kwenye visu vyote ili uvipandishe bei. Mteja wa tatu atagundua, na habari mjini hapa hazikai.

Na upige picha ya mzizi wa bapa kabla ya kukipigilia mpini, namba ikionekana, maana baada ya hapo hakuna atakayeiona tena bila kukivunja.